Nilivyopeleka Barua Lanet Mara Mbili

Vijana wangu, wengi wenu mkisikia neno jeshi mnafikiria bunduki. Mimi nikilisikia nafikiria bahasha ya kaki, wino kwenye vidole, na mlinzi wa geti akinionyesha benchi nikae. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpiga chapa, halafu karani mkuu, katika ofisi moja ya serikali hapa Nakuru, na barua zilizotoka kwetu kwenda kambi ya jeshi upande wa Lanet zilipita mikononi mwangu. Sijawahi kushika silaha maishani. Nilishika mhuri, na malori yalikuwa yanautii.

Nimeketi kuandika haya kwa sababu ya msichana aliyerithi kiti changu. Juzi alinipigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa ameomba mahema kutoka kambini kwa WhatsApp, akaweka na kile kidole gumba mwishoni, na siku mbili nzima hakuona kitu ila alama mbili za bluu. Akaniuliza kama wale watu wanatudharau. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hawamdharau hata kidogo. Wanamngoja aandike barua.

Aliyenifundisha mimi barua hizo aliitwa Mzee Shiundu, karani mkuu wa enzi hizo, mtoto wa mfanyakazi wa reli kama mimi, mtu mfupi aliyevaa sweta moja ya kijani mwaka mzima. Siku yangu ya kwanza aliniondoa kwenye taipureta, akanikalisha mbele ya kabati la faili, akaniambia nisome barua za kambini mpaka saa ya chai, halafu nimwambie nimeona nini. Nilimwambia nimeona kwamba zote zinafanana. Nilidhani atanigombeza, kumbe alifurahi. Kila barua ilikuwa na mambo manne: kazi gani, mahali gani, mpaka lini, na raia gani atakuwa pale akisimamia. Likikosekana moja, barua inarudi kwa mashini. La tano halikuandikwa popote lakini alilishika kuliko yote: barua moja hubeba ombi moja. Ukiwa na maombi mawili, andika barua mbili, hata kama ofisi imebakiwa na karatasi mbili tu.

Hilo la "mpaka lini" nililijua kwa aibu. Ilikuwa sikukuu ya kitaifa, nami ndio kwanza nimeaminiwa kuandika peke yangu. Niliomba bendi ya jeshi kwa sherehe uwanjani, nikaweka kazi, mahali, na jina la afisa wetu, nikasahau saa ya kumaliza. Hotuba zikaisha, wakubwa wakaingia kwenye magari, wauza soda wakafunga kreti zao, na bendi bado inapiga. Nikamwendea kiongozi wao, nikamwambia kwa heshima zote kwamba sherehe imekwisha. Alinijibu bila kugeuza shingo kwamba mwisho haujaonekana kwenye barua. Ikabidi nichukue karatasi ya ratiba, niandike nyuma yake "mpaka saa nane na nusu," nitie sahihi. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano. Walipiga dakika tano zaidi, mbele yangu na mbwa wawili, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nilirudi ofisini nikilalamika kwamba wale ni watu wakaidi. Mzee Shiundu hakucheka, na yeye hakuwa mgumu wa kucheka. Aliniambia amefanya kazi nyakati ambazo mkubwa mmoja aliinua simu tu na malori yakatoka, na baadaye watu walipoumia, kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Hapakuwa na karatasi, kwa hiyo hapakuwa na mtu. Alisema mwanajeshi anayeng'ang'ania barua ananilinda mimi kabla hajajilinda mwenyewe. Nilikubali kwa mdomo, maana alikuwa mkubwa wangu, lakini ilichukua miaka kuingia kichwani.

Mimi pia nina sababu zangu. Nimezaliwa Bondeni hapa Nakuru, kwenye zile nyumba za baraza la mji. Wakati wa lile jaribio la mapinduzi la 1982 nilikuwa msichana mkubwa, ndio nimemaliza shule. Redio ilibadilika sauti asubuhi, Mama akafunga madirisha, na kwa siku tatu tuliongea kwa kunong'ona ndani ya nyumba yetu wenyewe. Baba alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akinyoa ndevu. Siku hizo tatu alinyoa kimya. Kila lori la kijani lililopita barabarani tulisubiri tusikie kama litasimama. Hatukujua wako upande gani wala nani amewatuma, na nawaambia ukweli, hofu ile ilikuwa ya kutojua.

Kisha kuna ule mwaka wa uchaguzi ambao sisi wa hapa hatupendi kuutaja. Barabara kuu ilifungwa kwa mawe, watu wamekimbia makwao, na wanajeshi walipokuja kuifungua tuliwashangilia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Siwezi kujifanya sikufurahi. Lakini furaha ile iliacha mazoea mabaya kwa baadhi ya wakubwa, kwamba kila kukiwa na kelele, dawa iko Lanet.

Katiba mpya ilipokuja, sisi makarani tulipelekwa semina ya siku mbili katika hoteli moja Naivasha. Chapati zilikuwa nzuri sana. Nilirudi na jambo moja tu kichwani: kwenye mafuriko, moto na majanga mengine, jeshi linaweza kuja kusaidia, kisha Bunge lijulishwe. Lakini kukiwa na ghasia kati ya raia, halitoki mpaka Bunge likubali kwanza. Niliyaandika hayo kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani juu ya mashini ya kopi, nikayapita kila siku nikienda kuchukua karatasi. Ndiyo maana nilichofanya ile Jumanne hakina kisingizio.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ziwa likaingia Kihoto, kule Naivasha, kuliko tulivyozoea. Asubuhi tuliambiwa kuna nyumba ya kupanga ya ghorofa moja iliyozungukwa na maji, na wapangaji wake, wazee kwa watoto, wamepanda juu kabisa. Maji bado yalikuwa yanapanda. Wenye mashua za ziwani hawakutaka kuingia mle kati ya nyumba, kwa sababu viboko walikuwa wameshaingia na huwezi kumwona kiboko kwenye maji ya matope mpaka amekuona yeye. Wanajeshi walikuwa na boti za injini na watu waliofunzwa kazi hiyo.

Asubuhi hiyo hiyo wauzaji wa Bondeni walikuwa wamefunga barabara. Walikuwa wameambiwa waondoke pale wanapouzia, hawakuonyeshwa pa kwenda, wakachoma magurudumu. Polisi walikuwa pale tayari. Dada yangu Felistus anauza viatu vya mitumba Bondeni, na nilijua bila kuuliza kwamba yuko mstari wa mbele, maana Felistus hajui mstari wa nyuma.

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo. Alikuwa amechoka, na simu yake ilikuwa inalia kila dakika. Mwanasiasa mmoja alitaka barabara ifunguliwe kabla ya saa sita. Alikuja mezani kwangu akiwa amevaa koti upande mmoja.

"Andika wanajeshi watusaidie Kihoto," akasema, "na hapo chini uongeze watusaidie kutuliza Bondeni. Weka zote kwa barua moja. Wakishatoka kambini, wametoka."

Niliandika. Hakunishika mkono. Niliiandika vizuri, bila kosa la chapa, nikampelekea akatia sahihi, nikagonga mhuri. Kichwani nilijiambia mambo yote ambayo karani hujiambia: mimi ni mikono tu, amri ni yake, watu wako juu ya paa, hakuna wakati wa kubishana. Nilimfikiria Felistus pia, na nikaigonga mihuri miwili kana kwamba huo wa pili ungemsaidia. Mkuu akaondoka kwenda mkutanoni Nairobi. Mimi nikapanda gari la ofisi na bahasha yangu mpaka Lanet.

Getini alikuwepo Sajini Mutua, tuliyejuana miaka mingi, kwa sababu barua zangu zilianzia kwake kabla ya kufika kwa wakubwa wake. Nyuma yake niliona malori mawili yenye boti juu, injini zinanguruma, vijana wameshapanda. Walikuwa wamesikia habari za Kihoto kwenye redio wakajitayarisha. Kilichobaki ni mimi.

Alisoma akiwa amesimama. Akarudia kusoma. Kisha akakunja barua polepole na kunirudishia.

"Mama, hii ya maji ni yetu," akasema. "Hii ya Bondeni si yenu na si yetu. Hiyo ni ya Bunge. Sasa nifanye nini, nirarue katikati?"

Mimi nilifikiria kweli kuirarua katikati. Nikamwomba awatoe wale vijana waanze safari, kutoka Lanet mpaka Naivasha si karibu, nami nitaleta karatasi nyingine kabla hawajafika. Nilimwambia kuna watoto kule juu.

Alinitazama kwa huruma. Hilo ndilo lililoniumiza, maana angekuwa mkali ningemchukia na yangeisha.

"Mama, leo ukinitoa bila karatasi kwa sababu ya maji," akasema, "kesho mwingine atanitoa bila karatasi kwa sababu ya nini? Niletee moja yenye kitu moja. Hizo injini hatuzimi. Nakungojea hapa kwa geti."

Gari likarudi ofisini. Nilipiga simu ya mkuu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nilikuwa na hasira kwa kila mtu kwa zamu, kwa mkuu, kwa sajini, kwa ziwa, mpaka zamu yangu ikafika na ikakaa hapo. Watu walikuwa juu ya paa na malori yalikuwa tayari, na kati yao kulikuwa na sentensi moja ambayo niliipiga kwa vidole hivi hivi nikijua si mahali pake.

Ofisini aliyebaki alikuwa Bi. Chebet, naibu wa mkuu, mwanamke kijana aliyekuwa amekaa kwetu miezi mitatu. Mkuu akiwa nje, sahihi yake ilitosha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, nimevua viatu kwa sababu vilikuwa vimelowa. Akaichukua ile barua, akaona sahihi ya bosi wake, akaiweka mezani kama kitu cha moto.

"Bosi amesaini vitu mbili," akasema. "Mimi nikisaini moja, si nimempinga?"

Hapo ndipo miaka yangu yote ya faili ilinisaidia. Nilimwambia hatutampinga, tutaandika barua mbili. Ya kwanza ni ya Kihoto, inaenda kambini, anaitia sahihi yeye. Ya pili ni ya Bondeni, ninaiandika vilevile alivyotaka mkuu, neno kwa neno, ila inaelekezwa Nairobi kwa wale wanaoweza kuipeleka Bungeni, na inangoja mezani kwake aje aitie sahihi mwenyewe. Hakuna kitu tumemnyima. Tumempa kila alichoomba, kila moja kwa njia yake.

Bi. Chebet alichukua kalamu. Akauliza ni raia gani atakayesimamia Kihoto, maana wote wenye vyeo walikuwa wametawanyika. Nilitazama huku na huku. Sikumwona mwingine, kwa hiyo nikaandika jina langu. Akatia sahihi.

Sajini Mutua alikuwa pale pale getini niliporudi. Alisoma mistari sita, akaipeleka ndani kwa wakubwa wake nao wapige simu zao, na baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu sana, geti likafunguliwa. Nilipanda lori la kwanza, mbele, kati ya dereva na meja, mama wa miaka hamsini na kitu nikiwa na mkoba mapajani. Ndivyo nilivyokwenda vitani.

Kihoto walishuka wote salama. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekataa kupanda boti bila kuku wake, na meja akanigeukia mimi, msimamizi raia, aniulize kama kuku wamo kwenye barua. Nilimwambia barua imesema wakazi, na kuku wale walikuwa wakazi. Nilikaa pale siku tatu na gambuti za kuazima, zote mbili za mguu wa kushoto. Kila jioni meja aliniletea taarifa ya alichofanya, mtu mzima mwenye cheo mabegani akimsomea karani. Mara ya kwanza niliona haya. Mara ya tatu nilimuuliza maswali.

Mkuu alifika siku ya pili. Tulisimama pembeni mwa maji tukitazama boti. Kisha akauliza ile barua nyingine iko wapi. Nilimwambia iko mezani kwake, imeandikwa tayari, imeelekezwa inakotakiwa kwenda.

"Inangoja nini?" akauliza.

"Sahihi yako, bosi. Yako peke yako."

Aligeuka akarudi kwenye gari lake. Wiki iliyofuata aliniandikia barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nilibadilisha waraka uliotiwa sahihi, na nikajieleza kwa mistari minne, na zote mbili bado zimo kwenye faili langu. Sikulalamika. Nilikuwa nimebadilisha kweli, na mwanzoni kabisa nilikuwa nimekubali kuandika kweli. Hayo yote mawili yalistahili karatasi. Lakini ile barua ya Bondeni ilikaa mezani kwake siku tano. Kila asubuhi niliipanga juu ya zile nyingine. Kila jioni niliikuta imerudi chini. Siku ya sita aliniita, akanipa bila sahihi, akaniambia niifungie kwenye faili.

Nimestaafu sasa, nina afya, nina kuku wangu mwenyewe, na sina deni la moyo na mtu. Mkinitaka niwape ufundi wa kazi, nitawapa mambo yale manne ya Mzee Shiundu na lile la tano. Mtajifunza haraka. Kigumu ni kukaa na mtu aliyekuzidi cheo, ana haraka, ana sababu nzuri, na wewe una mashini ya kuandikia. Mimi siku hiyo nilishindwa mara ya kwanza. Nilisaidiwa na sajini aliyekataa na naibu wa miezi mitatu aliyekubali, na nikapata nafasi ya pili ambayo wengi hawaipati.

Felistus huja kwangu Jumapili baada ya kanisa. Mwezi uliopita wajukuu walimwomba awasimulie ile siku ya kufunga barabara Bondeni, kwa sababu ana sifa ya kusimulia vizuri. Akaanza vizuri kweli: moshi, polisi wamepanga mstari, yeye na wenzake wameshikana mikono wakiimba. Kisha akasita. Akasema mwenyekiti wao alienda kuongea na mkubwa wa polisi, mvua ikanyesha, magurudumu yakazima, wakaahidiwa mkutano na watu wa kaunti, na saa kumi kila mtu akachukua mizigo yake akaenda nyumbani. Wajukuu walikuwa bado wanangoja.

"Basi," Felistus akawaambia, kama anayewaomba radhi. "Hakuna kitu kilifanyika."

Sijawahi kumwambia kuhusu ile barua. Nilisogeza sufuria, nikamwongezea mboga.